Julai hakuna anayezungumzia mlima

Aprili 2024, tope la Mlima Kawetere liliposhuka kata ya Itezi hapa Mbeya na kufunika nyumba za watu, sisi tunaokaa upande mwingine wa jiji, chini ya Mlima Loleza, tulilala na nguo zetu mwilini. Wiki ile kikao cha mtaa kilijaa mpaka watu wakasimama nje wakichungulia madirishani. Karatasi ya wanaojitolea ilizunguka, nafasi ikaisha, wakaigeuza wakaendelea kuandika nyuma. Na haikuwa Itezi peke yake iliyowatia watu hofu. Desemba 3, 2023, Mlima Hanang ulikuwa umeshusha tope, mawe na magogo juu ya Katesh, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha, na picha zile zilikuwa bado kwenye simu za wengi wetu.

Julai tukaitisha kikao kingine cha jambo lile lile. Wakaja viongozi wa serikali ya mtaa, akinamama wachache wa kikundi chetu, na mzee mmoja ambaye hakosi kikao chochote. Basi.

Siwalaumu waliobaki nyumbani. Julai Mbeya ni baridi na vumbi. Mahindi yameshavunwa, kila mzazi anawaza ada, na mama aliyeamka saa kumi alfajiri kuwahi viazi Mwanjelwa hana nguvu ya kukaa jioni akisikiliza habari za mvua ambayo haipo. Hofu ni kitu cha kweli, lakini inachoka haraka. Nimekuwa mjumbe wa kamati ya maafa ya mtaa wetu, na pia ni katibu wa kikoba cha akinamama, na kazi kubwa niliyoiona katika nafasi hizi mbili ni hiyo: kuwafanya watu walishike jambo wakati hakuna kinachowatisha.

Wageni wanaposikia Mbeya wanafikiria baridi, mchele wa Kyela na parachichi za Rungwe. Sisi tuliozaliwa hapa tunajua pia tunakokaa. Bonde la Ufa linapita hapa, na huku kwetu ndiko matawi yake yanakokutana: la Rukwa, la Usangu na la Ziwa Nyasa. Rungwe, Ngozi na Kyejo ni volkano, na Kyejo ilitoa lava mara ya mwisho takriban miaka 200 iliyopita. Gesi ya kaboni bado inatoka ardhini Rungwe, mpaka inavunwa kwa biashara. Desemba 13, 1910, tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 lilipiga ukanda wa Rukwa, moja ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika. Wakati huo jiji hili lilikuwa bado halijaanzishwa. Sensa ya 2022 imekuta hapa watu zaidi ya laki tano.

Haya yote ukiyasema kwenye kikao, watu wanatikisa vichwa wanaenda nyumbani. Yanashangaza, lakini hayamwambii mtu afanye nini kesho asubuhi.

Nilianza kuelewa tofauti hiyo kupitia ndugu wa upande wa mume wangu walioko Kyela. Kule mafuriko ni mgeni wa kila mwaka. Mito inayotoka milimani Rungwe, kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo, inashusha maji yote bondeni kuelekea ziwani, na Songwe nao mpakani, na inapofika Aprili hakuna anayehitaji kuhamasishwa. Mpunga uko juu ya dari. Mbuzi wameshahamishiwa kwa jamaa wa mwinuko. Shemeji yangu akiona rangi ya maji ya Kiwira imebadilika anajua la kufanya kabla redio haijasema. Hajawahi kuhudhuria semina yoyote. Maji yenyewe ndiyo yanayomkumbusha kila mwaka.

Sisi wa mlimani hatuna mkumbushaji huyo. Mlima unaweza kukaa kimya maisha ya mtu mzima yakaisha. Tetemeko vilevile. Desemba 2009, Karonga ya Malawi, ng'ambo ya Songwe, ilipotikiswa na mfululizo wa matetemeko, moja likafikia ukubwa wa 6.0, tulilisikia hadi huku usiku. Vyombo viligongana kabatini. Ukiwauliza vijana wetu wa sekondari leo hawana habari. Kwa hiyo inabidi tujitengenezee wakumbushaji wetu, na wawe ni vitu ambavyo watu wangevifanya hata kama mlima usingekuwepo.

Kabla hatujafika hapo tulipitia njia ya semina. Shirika moja lilikuja, likatukodia ukumbi, likatupa madaftari, chai na posho. Mafunzo yalikuwa mazuri, nayakumbuka mpaka leo. Lakini mradi ulipokwisha, kila tulipoita kikao swali la kwanza mlangoni lilikuwa, "Katibu, kuna chochote?" Posho ilikuwa imeshawafundisha watu kwamba maandalizi ya maafa ni kazi ya mtu mwingine, na wao wanasaidia tu kwa malipo. Ilichukua muda mrefu kuliondoa hilo vichwani, na kwa maoni yangu ndiyo sababu mitaa mingi ina kamati kwenye makaratasi tu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi ngazi za chini, na ni sheria nzuri. Lakini sheria haiwezi kumtoa mtu kitandani Jumamosi asubuhi.

Jumamosi ndiyo tuliyoanza nayo. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima, maduka yanachelewa kufunguliwa, na watu tayari wako nje na mafagio. Hatukuanzisha siku mpya. Tulimwomba mwenyekiti wa mtaa atugawie kazi ile ile kwa mpangilio: Jumamosi ya Septemba na ya Oktoba fagio zikae pembeni, watu washike makoleo, kila kaya izibue kipande cha mtaro kinachopita mbele yake. Mvua za msimu kwetu zinaanza Novemba na kwenda hadi Aprili, kwa hiyo Oktoba ikiisha mtaro haujazibuliwa, umechelewa. Kikoba chetu kikaongeza kifungu kwenye katiba yake: mwanachama ambaye kipande chake kimeziba ifikapo Novemba anatozwa faini, na faini inaingia mfuko wa jamii, ule ule tunaosaidiana nao kwenye ugonjwa na msiba. Hakuna aliyelalamika. Faini za kikoba watu wanazijua na wanaziheshimu kuliko barua ya ofisi yoyote.

Halafu ringi. Kwenye mti wa ofisi ya mtaa kuna ringi ya tairi la lori, imening'inizwa kwa mnyororo, na nondo ya kugongea imefungwa pembeni. Ilikuwepo miaka mingi, imeshika kutu. Wazo la kwanza la wajumbe lilikuwa ringi isiguswe kabisa mpaka siku ya hatari, ili isizoeleke. Mzee wetu yule asiyekosa vikao akakataa. Akasema kengele isiyogongwa hakuna anayeijua sauti yake, na anayetakiwa kuigonga hatajua hata nondo iko wapi. Tukamsikiliza. Sasa inagongwa polepole, mapigo matatu, kila Jumamosi ya usafi. Hatari inagongwa haraka bila kukoma. Watoto wa mtaa huu wanazijua sauti hizo mbili vizuri, wanaziigiza kwenye michezo yao kwa kugonga makopo. Mtoto anayeigiza kengele ya hatari akiwa anacheza hahitaji kipeperushi.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kipima mvua. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ya hapa alikata chupa ya plastiki ya lita moja na nusu karibu na bega, akageuza kipande cha juu kikawa faneli ndani ya kile cha chini, akatia kokoto chini ili isiangushwe na upepo, akabandika rula kwa gundi ya karatasi, na akajaza maji mpaka kwenye sifuri ya rula, maana chini ya chupa hapako sawa. Ni kazi ya dakika chache. Kila asubuhi wanafunzi wa zamu wanasoma, wanaandika kwa chaki kwenye ubao mdogo getini, kisha wanamwaga maji na kuyarudisha kwenye sifuri. "Jana: milimita 38." Hakuna zaidi.

Ubao ule umefanya ambacho kamati yetu ilishindwa. Wazazi wanaoleta watoto wanausoma. Madereva wa bajaji wanausoma. Mkulima wa mahindi anausoma kwa sababu anataka kujua kama ardhi imeshiba apande, na huyo ndiye aliyenifungua macho, maana anaufuata kwa faida yake mwenyewe na hachoki. Kufikia Januari watu walikuwa wanazisubiri namba zile kama matokeo ya mechi, wakibishana kama usiku wa jana umezidi wa juzi. Kutoka hapo ilikuwa rahisi kuongeza jambo moja: mvua kubwa ikifululiza, vijana wawili wa kamati wanapanda kutazama mlima.

Na tumewafundisha cha kutazama. Sehemu kubwa ya udongo wetu ina majivu ya volkano za kale, mwepesi kuchimbika na mwepesi kunywa maji. Mvua ikikaa siku nyingi maji yanajaa ndani, udongo unakuwa mzito na unapoteza mshiko, hasa pale mteremko ulipokatwa kupata kiwanja au miti ilipoondolewa. Lakini mara nyingi mlima haushuki bila dalili. Ufa mpya unaokatiza mteremko. Miti au nguzo za umeme zilizoanza kuinama. Chemchemi imetokea pasipo na chemchemi, au ya zamani imegeuka tope. Mlango wa nyumba uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwama. Ile ya kutisha zaidi ni kijito kupungua maji ghafla wakati mvua inanyesha, maana huenda huko juu kumeziba na mzigo unajikusanya. Ukiona hivyo unatoka, na hukimbii kufuata korongo kwenda chini. Unakwenda ubavuni, mbali na njia ya maji, hadi mahali palipoinuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tumeusema msemo huu tangu utotoni. Huku mlimani ufa ni wa kweli, unautia fimbo.

Kuna jambo ambalo karibu livunje kila kitu, nalo ni alama ya X, ile inayochorwa ukutani kabla ya nyumba kubomolewa. Tulipoanza kuandika orodha ya nyumba zilizo kwenye njia ya maji, minong'ono ikaanza kwamba kamati inawachagulia watu nyumba za kubomolewa. Mama mmoja mjane, ninayemheshimu sana, alinizuia kwenye geti lake.

"Katibu, umekuja kunihesabu?"

"Nimekuja kuandika nani wa kukubeba wewe na bibi usiku, mama."

"Na baada ya kuandika, karatasi inaenda wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Watu wamejenga huko chini ya mlima kwa sababu ndiko viwanja walivyoviweza vilikokuwa, na wanajua hatari kuliko anayewahubiria. Ukichanganya mazungumzo ya kujiokoa na mazungumzo ya kuhamishwa, utapoteza yote mawili. Tulikubaliana kikaoni, mbele ya mwenyekiti, kwamba daftari lile lina mambo mawili tu: nani anahitaji kubebwa, na nani atambeba. Wazee, wajawazito, wenye ulemavu, mama mwenye mapacha. Linakaa kwa mweka hazina wa kikoba ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na kila robo mwaka linasomwa kwa sauti, anayebeba akiwa amehama anawekwa mwingine. Suala la viwanja lina vikao vyake, na huko nako nasema wazi kwamba mtu asigawiwe kiwanja kwenye korongo. Lakini sisemi hayo nikiwa nimeshika daftari la kubebana.

Kuna wanaosema yote ni mipango ya Mungu. Mimi ni mtu wa kanisa na sikuona sababu ya kubishana nao. Nilimwendea mchungaji wetu nikamwomba Jumapili moja ya Oktoba. Akahubiri habari za Nuhu, kwamba alichonga mbao wakati jua linawaka na majirani wanamtazama, na za Yusufu aliyejaza maghala miaka saba ya shibe. Tangu siku hiyo wazee wa kanisa wenyewe ndio wanaokuja kuuliza kama mtaro wa upande wa kanisa umeshaguswa. Nilimwomba pia shehe wa msikiti wa jirani, naye akakubali kipaza sauti kitumike usiku wa hatari, maana kinafika mbali kuliko ringi.

Jambo gumu zaidi kulibeba ni tahadhari zisizotimia. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa angalizo, tahadhari, au tahadhari kubwa, na inaandika wazi uwezekano wa kutokea. Lakini mtaani ujumbe unafika umeshapunguzwa: "Wamesema kesho mafuriko." Kesho ikiwa na manyunyu tu, watu wanasema wamedanganywa, na mara ya tatu hawasikilizi. Tunachofanya ni kutoiacha siku ya kesho yake ipite kimya. Asubuhi baada ya kila tahadhari, mvua ije isije, mjumbe mmoja anaweka maelezo kwenye ubao ule ule wa getini: hapa milimita 6, Tukuyu wamesema imenyesha usiku kucha. Watu wakiona kwamba mvua ilikuwepo ila imeangukia jirani, hawamwiti mtabiri mwongo. Wanaelewa kwamba tahadhari ni ya mkoa na wingu halina mipaka ya mtaa. Nadhani taasisi zetu zingeokoa imani kubwa ya wananchi kama zingekuwa na desturi ya kurudi kueleza kilichotokea, si kutangaza tu kinachokuja.

Kwa tetemeko hatujapata njia nzuri kama ya mvua, na hilo linaniuma. Linakuja bila tahadhari, hakuna ubao wa kuandika. Kagera waliliona Septemba 10, 2016, la ukubwa wa 5.9, na waliokufa wengi waliangukiwa na kuta. Kwa hiyo tumeacha kuzungumza na umma kwa ujumla, tunazungumza na mafundi ujenzi. Tofali za kuchoma na udongo ndizo nyumba zetu nyingi, na kinachozishika kuta zisiachane kwenye kona ni lenta, yaani mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima juu ya madirisha. Wengi wanaweka juu ya milango na madirisha tu kuokoa gharama.

"Mama, mwenye nyumba anakwambia hela imeisha," fundi mmoja kijana aliniambia akiwa juu ya jukwaa la mirunda.

"Mwambie apunguze marumaru, fundi. Lenta haiongezwi baadaye."

Alicheka, lakini nyumba ile ilizungushiwa lenta. Fundi mmoja akishika jambo, analipeleka kwenye nyumba nyingi kuliko kikao chochote nitakachoitisha, na yeye kila siku yuko kazini, kiangazi na masika.

Oktoba 13 ni siku ya kimataifa ya kupunguza madhara ya maafa, na tumeifanya kuwa siku yetu ya mazoezi kwa sababu inaangukia vizuri kabla ya mvua. Hakuna hotuba. Ringi inagongwa haraka, watu wanatoka, waliopangiwa kubeba wanabeba. Mwaka wa kwanza bibi wa yule mjane aliwekwa kwenye toroli la kubebea mchanga, limetandikwa godoro, na vijana wawili wakalisukuma kuelekea uwanja wa shule. Kwenye kichochoro kati ya uzio mbili toroli likakwama. Halipiti. Miaka yote watu walikuwa wanapita hapo kwa miguu bila kufikiri, na usiku wa tope bibi angefia pale. Mwenye uzio alikuwa amesimama anatazama. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amevunja kipande cha ukuta wake akaweka geti la mabati, kwa hela yake, na ufunguo mmoja akaleta ofisi ya mtaa. Hakuna aliyemwomba. Ningemhubiria mwaka mzima kuhusu njia za uokoaji nisipate geti lile.

Kinachotusumbua sasa ni wapangaji. Mtaa wetu una vyumba vingi vya kupanga, wanafunzi wa vyuo na vijana wa biashara wanaingia na kutoka kila baada ya miezi sita, na mtu aliyehamia Februari hajawahi kuisikia ringi ikigongwa haraka. Tumekubaliana na wenye nyumba kwamba siku mpangaji anapokabidhiwa ufunguo na kulipa kodi, aoneshwe choo, aoneshwe swichi kuu ya umeme, na atembezwe hadi uwanja wa shule kwa njia ya kule kichochoroni. Wenye nyumba walio wengi wamekubali. Wanaokaa Dar es Salaam na kukusanya kodi kwa simu ndio bado tunawatafuta, na kwa nyumba zao nimewapa kazi hiyo mabinti wawili wa kikoba wanaouza maandazi pale kona, maana hakuna mpangaji mpya asiyepita kwao asubuhi ya kwanza.